Stara ya Vidole Kumi: Bibi Harusi, Jifunze Kutaipu Bila Kutazama



Kila msimu wa harusi ukikaribia, maswali mnayoniletea ni yale yale. Singo ipakwe siku ngapi? Hina gani haiunguzi ngozi? Piko ichorwe usiku au asubuhi? Udi mzuri wa kufukizia nguo unapatikana wapi? Nayapenda maswali hayo na inshallah nitaendelea kuyajibu. Lakini leo naomba tuviangalie vidole vyenyewe, kabla hina haijapakwa. Nina rai ambayo najua wengine mtaicheka: kila mwari anayewekwa ndani kufunzwa mambo ya ndoa, afunzwe na kutaipu kwa vidole vyote kumi, bila kutazama kibodi.

Cheka kwanza, kisha nisikilize.

Shoga yangu mmoja, aliyeniruhusu nisimulie mradi nisimtaje, alikaa miezi saba mumewe hajaleta hata kilo ya mchele. Hakupewa talaka. Mume alivuka kwenda bara kutafuta maisha, simu akawa hapokei. Dada wa watu alivumilia, akawaendea wazee wa pande zote mbili, na mwisho akashauriwa aandike maelezo yake vizuri ayapeleke kwa kadhi. Basi akavaa baibui lake, akaenda steshenari ya mtaani achapiwe.

Kijana wa steshenari akaanza kutaipu kwa vidole viwili, anasaka herufi moja moja kama kuku anayedonoa mtama. Printa inapiga kelele, feni inapiga kelele, kwa hiyo naye akapaza sauti. "Umesema hajaleta matumizi miezi mingapi, dada?" Shoga yangu akajibu kwa sauti ya chini. "Mingapi?" Akarudia. "Na hili la kukupiga, niliandike au niliache?"

Nyuma yake walikuwa wamesimama watu watano wakisubiri fotokopi. Mmoja wao ni jirani wa wifi yake. Magharibi haijaadhiniwa, wifi alishapiga simu.

Kijana yule sikumlaumu sana, alikuwa akifanya kazi yake. Kilichoniuma ni kingine. Nilipokwenda kumtazama shoga yangu nyumbani, akafungua kabati anitolee mtandio, na chini ya mashuka nikaiona laptopu yake. Ilikuwa zawadi ya harusi, ingali ndani ya mfuko wake. Nikamuuliza kwa nini hakukaa chumbani kwake akaandika mwenyewe. Akasema, "Shoga, kwa vidole vyangu hivi viwili, karatasi mbili zile ningezimaliza Idi."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hii si habari ya kompyuta. Ni habari ya stara.

Sisi tunafundishwa tangu wadogo kwamba siri ya nyumba ni amana. Mwari anaambiwa na somo wake: yaliyo chumbani yabaki chumbani. Maneno ya kweli hayo. Lakini ipo siku, Allah atuepushe, ambayo mambo ya chumbani hayana budi yaandikwe: maelezo ya kadhi, barua kwa daktari, wasia, hesabu ya mirathi, barua ya kuomba kazi mume anapougua. Siku hiyo asiyejua kuandika yake humwachia mtu baki amwandikie. Na mtu baki huyo atayasikia yote, kisha faili libaki kwenye kompyuta ya duka, ambayo kesho atakaa mwingine.

Najua mtaniambia: kwani nani hajui kuandika siku hizi? Sote tumesoma, sote tuna simu. Kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Nina shahada yangu, na kwenye simu vidole gumba vyangu vinakimbia kama panya. Kisha nikaitwa usaili katika ofisi moja hapa mjini. Tukapewa karatasi ya maelezo, tukaambiwa tuichape kwa dakika kumi. Natazama karatasi, natazama kibodi, natazama kioo, narudi kwenye karatasi nimepoteza mstari. Dakika kumi zilipokwisha nilikuwa na aya moja na nusu, yenye makosa. Msichana aliyekaa pembeni yangu, mdogo kuliko mimi, hakutazama vidole vyake hata mara moja. Alikuwa akisoma karatasi tu, na mikono inaandika. Kazi alipata yeye, na ilikuwa haki yake.

Nilirudi nyumbani na aibu, lakini njiani nikamkumbuka bibi yangu. Marehemu bibi alikuwa akisuka ukili barazani. Macho yake yakitazama njia, anaitikia salamu, anawakemea wajukuu, anaulizia bei ya dagaa, na vidole havisimami. Chane za ukindu zinapishana zenyewe. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza anajuaje bila kutazama. Akaniambia mwanzo alitazama sana, na kila alipokosea mama yake aliufumua ukili wote aanze upya, mpaka vidole vikajua. Basi kumbe jambo hili si geni kwetu. Wanawake wa visiwa hivi wamekuwa wakifanya kazi za mikono bila kutazama tangu enzi. Kilichobadilika ni kwamba ukili sasa una herufi.

Wala haukuwa ufundi wa wanaume peke yao huko ulikoanzia. Mashine ya taipu ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, ilipewa hataza mwaka 1868 na ikaanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874. Mpangilio wake wa herufi, tukiacha mabadiliko machache, ndio huu tunaoutumia mpaka leo. Watu wa mwanzo walidonoa kwa kidole kimoja kimoja kama kijana wetu wa steshenari. Mwaka 1882 mwalimu mmoja mwanamke wa mji wa Cincinnati, Bibi Longley, akatoa kitabu cha masomo kinachofundisha kutumia vidole vyote. Miaka sita baadaye, katika mji huo huo, Frank McGurrin, aliyekuwa ameihifadhi kibodi kichwani, alimshinda mpinzani wake kwenye shindano lililoandikwa magazetini, na watu wakaanza kuamini kwamba kweli inawezekana kuchapa bila kutazama.

Na ukitaka mfano ulio karibu zaidi na nyoyo zetu, mkumbuke Bibi Shifaa bint Abdillah, radhi za Allah ziwe juu yake. Alikuwa miongoni mwa wanawake wachache wa Makka waliojua kuandika, na ndiye aliyemfundisha kuandika Bibi Hafsa, mke wa Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam. Mtume hakumkataza, bali alimhimiza. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandika madeni. Iko sura nzima inayoitwa kwa jina la kalamu. Kalamu ya zama zetu, kwa sehemu kubwa, ni kibodi. Kuishika vibaya ni sawa na mtoto wa chuoni anayeshika kalamu kwa ngumi: ataandika, lakini atachoka mapema na hati haitapendeza.

Sasa tuje kwenye vidole

Kaa kwenye kiti, mgongo umenyooka, nyayo zote mbili chini. Najua tunapenda kulala kifudifudi kitandani na laptopu mbele, lakini kwa kujifunza haifai. Shingo na viganja vitakulipiza. Viganja visiegemee ukingo wa meza. Vidole vijipinde kidogo, kama umeshika chungwa.

Papasa mstari wa kati wa kibodi. Utagusa vijinundu viwili vidogo, kimoja kwenye F na kimoja kwenye J. Hivyo vimewekwa makusudi ili usihitaji kutazama. Vidole vyako vya shahada vinakaa hapo, cha kushoto F, cha kulia J. Vidole vya kati vinakaa D na K. Vidole vya pete, hicho kitakachovishwa pete na mwenzake, vinakaa S na L. Vidole vya mwisho vinakaa A na kile kitufe cha nukta na mkato. Gumba ni la kitufe kirefu cha nafasi. Hapo ndipo nyumbani. Kila kidole kinatoka, kinagonga herufi yake ya juu au ya chini, na kinarudi nyumbani. Kidole cha shahada kina kazi zaidi, kwa sababu kinahudumia safu mbili: cha kushoto kina F na G na za juu na chini yake, cha kulia kina J na H na zake.

Hapa nina siri ambayo masomo ya Kizungu hayatakwambia. Katika Kiswahili herufi inayotumika kuliko zote ni A, na A iko chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Masomo mengi yametungwa kwa Kiingereza, ambako E ndiyo mfalme na inagongwa na kidole cha kati chenye nguvu. Ukifuata masomo hayo peke yake, kidole chako cha mwisho hakitapata mazoezi ya kutosha, na utajikuta unakipeleka kidole cha kati kikagonge A. Usikubali. Kizoeze hicho kidogo mwanzo, hata kama siku tatu za awali kitauma kidogo kwa ugeni. Q na X, kwa upande wetu, usizihangaikie. Ila alama ya ng' iliyoko kulia itakuhitaji siku utakapoandika Ng'ambo.

Na Mola ametupa wepesi. Mstari wa kati peke yake, bila kuinua kidole kwenda juu wala chini, unatosha kuandika: dada, kaka, sala, sadaka, shada, shahada. Hata jina la Allah linaandikika kwa herufi za mstari huo. Mimi niliyafanya maneno hayo kuwa mazoezi yangu ya wiki ya kwanza, kila neno mara ishirini, na nilipochoka nikaandika "lala" nikafunga laptopu.

Kuhusu kutazama: chukua kanga, itandaze juu ya mikono yako na kibodi. Ndiyo, ifunike. Macho yabaki kwenye kioo. Utakosea sana. Kosea polepole, futa, rudia. Usiutafute mwendo, mwendo unakuja wenyewe usahihi ukishakaa. Dakika ishirini kila siku ni bora kuliko saa tatu Jumapili moja. Mimi nilizifanya baada ya sala ya alfajiri, nyumba ingali kimya, kabla ya kuwasha jiko. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa mzito kuliko nilivyokuwa kwa vidole viwili, na nilitaka kuacha. Hapo ndipo wengi wanapoachia njiani. Ukivuka hapo, umevuka. Wiki ya sita niliandika barua nzima kwa mama mkwe wangu, macho yangu yakiwa kwenye kioo tu.

Kucha je? Nilijua mtauliza. Kucha ndefu za bandia na kutaipu haviendi pamoja. Kidole kinatakiwa kigonge kwa ncha ya nyama, na kucha ikizidi kidole kinalala, kinagonga vitufe viwili kwa pamoja. Lakini sisi dini yetu ilishatuambia tukate kucha na tusizipitishe siku arobaini, na udhu haupiti juu ya kucha ya kubandika. Kwa hiyo hapa ufundi na sunna vimekutana. Hina ipake upendavyo. Hina haizuii kidole chochote.

Asiye na laptopu asikate tamaa. Simu nyingi zinakubali kuunganishwa kibodi ya nje kwa waya mdogo wa OTG. Masomo ya bure yapo mtandaoni, TypingClub ni mojawapo. Hata kibodi mbovu ya kuazima inafaa kuzoeza vidole, kwa kuwa unachofundisha ni mkono.

Majibu kwa wanaopinga

Wengine mtaniambia: "Simu inatosha." Kwa salamu na picha za magauni inatosha. Kwa karatasi nne za maelezo yenye tarehe na hesabu, vidole gumba vitakuchosha na makosa yatajaa.

Wengine: "Siku hizi unazungumza tu, simu inaandika." Haya, zungumza. Lakini yale ambayo shoga yangu alitaka yasisikike steshenari, wewe utayasema kwa sauti nyumbani, ukutani kwa wakwe?

Wengine: "Mimi vidole vyangu vinne vinanitosha na nina kasi." Inawezekana kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, walichunguza jambo hili mwaka 2016 wakaona wapo waliojifunza wenyewe, wanaotumia vidole vichache, na kasi yao haipitwi na waliosoma. Sibishani na hilo. Lakini watafiti hao hao waliona waliosoma hawatazami mikono yao mara kwa mara kama wengine. Na mimi hoja yangu ni macho zaidi kuliko kasi. Macho yakiwa huru, unaliona kosa linapotokea, unanakili karatasi bila kupotea, na fikra haikatiki. Jambo zito haliandikiki vizuri na mtu ambaye nusu ya akili yake inatafuta ilipo B.

Na wengine, hawa ndio wananiumiza: "Mimi naolewa nikae nyumbani, ya nini?" Dada yangu, kukaa nyumbani ni heshima, wala sijasema ukatafute kazi. Lakini mama wa nyumbani ndiye anayeandika barua ya skuli, orodha ya wageni wa khitma, hesabu ya kikundi cha kuwekeza, mapishi anayouza, na habari za mtoto anazompelekea daktari. Na eda ikikufika, Allah akuchelewesheee, miezi minne na siku kumi utakuwa ndani, na mambo ya mirathi hayasubiri. Ujuzi ulio katika vidole hautaki ruhusa ya kutoka, hautaki nauli, na hakuna anayeweza kuuchukua akiondoka.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa masomo na mashangazi mnaowafunza wari wetu: baada ya kumfunza kupika, kujisitiri na kumtunza mume, mpeni na kibodi, mtandazieni kanga, asikate tamaa. Kwa ndugu mnaonunua zawadi za harusi: msimpe bibi harusi laptopu iende ikalale chini ya mashuka. Mpeni na mtu wa kukaa naye wiki mbili za mwanzo. Seti nyingine ya vikombe anayo tayari.

Neno la mwisho ni la kujikumbusha mimi kabla yenu. Mkono unaoandika haraka ni mkono unaoweza kusengenya haraka. Vidole hivi ndivyo tunavyohesabia tasbihi, na tumeambiwa kwamba mikono itasema Siku ya Kiyama. Tuvifundishe kuandika, na tuvifundishe cha kuandika.

Shoga yangu, kama mnataka kujua, mambo yake yanakwenda, Alhamdulillah. Laptopu imetoka kabatini. Juzi alinitumia ujumbe mrefu, hauna kosa hata moja, na chini yake akaongeza: "Nimeandika na kanga juu ya mikono, shoga. Ile ya rangi ya zambarau uliyonipa fungate."

Wabillahi tawfiq. Anayeanza leo, aanze na "dada".